Pijo la Kazungu

Mimi ni mtu ambaye hashangazwi na kitu. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo nilivyo, na yeyote wa Changamwe anayenijua atakwambia hivyo hivyo. Nimefungua kontena lililoandikwa vigae vya choo nikakuta limejaa viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Nimesimama kando ya barabara nikaliona lori langu mwenyewe likipita na mzigo nisioujua, dereva wake ni yule aliyenipigia asubuhi akilia kwamba yuko kwao anamzika nyanyake, nami nikampungia mkono, naye kwa hofu akanipungia. Shule niliiacha darasa la tano, na leo vijana wenye digrii huvua kofia wakiingia ofisini kwangu kuomba kazi. Nilidhani dunia imeshanionyesha bidhaa zake zote. Basi wiki iliyopita nilikaa chini ya hema Miritini, katika ibada ya kutimiza mwaka tangu rafiki yangu Kazungu atutoke, nimewekwa mstari wa mbele kama ninavyowekwa kila mahali siku hizi, mchungaji anahubiri kwa sauti nzuri kabisa, na mimi sisikii neno. Nilikuwa nikitazama chini, kamba za hema zimefungwa kwenye nini. Mama Kadzo, mjane wake, akaniinamia. "Shemeji, unatazama nini huko chini?" Nikamwambia sitazami kitu. Akanishika mkono, maana anajua.

Watu wakiandika habari za maisha yao huanza na babu na bibi, wakaja kwa baba, wakaja kwa umaskini wa nyumbani. Hayo nayaruka. Kila mtu wa Kaloleni wa rika langu alikula muhogo ule ule. Tena huandika juu ya mwaka fulani wa ujana uliowafanya kuwa watu. Mimi mwaka ulionifanya mtu ulinikuta na mvi, na kitambi, na malori tisa barabarani. Kabla ya hapo nilikuwa tajiri tu.

Ulianzia hotelini Nyali. Nilikuwa nimekwenda kumwona mteja aliyekuwa na mizigo ya kutoa bandarini, akanichelewesha, nikaagiza chai na sambusa nikakaa ukumbini palipo na upepo wa mashine. Meza ya pili walikaa wanaume watano wa kutoka bara, wamevaa fulana zinazofanana zenye picha ya gari la zamani, wanapanga rali. Si rali ya magari mapya. Ni ya magari ya kale, yale tuliyokuwa tukiyaona udogoni, na mwaka ule ilikuwa ianzie Mombasa, ipande hadi Taita na kurudi kwa siku kadhaa. Nikasikia wakihesabu nani anakuja na gari gani, wa Nairobi, wa Nakuru, Mzungu mmoja wa Naivasha. Mmoja akauliza, "Na hapa Pwani hakuna mtu?" Mwenzake, kijana mwenye saa kubwa kuliko mkono wake, akacheka. "Huku magari zote zilikuliwa na chumvi. Hawa watatusukuma tu tukikwama kwa mchanga." Wakacheka wote. Mimi nikaweka sambusa chini. Nikasimama, nikaenda mezani kwao, nikasema, "Mimi ninalo." Wakanitazama viatu. "Uko na gani, mzee?" Nikasema Pijo, mia tano na nne, la mbao... nilitaka kusema la mbavu ndefu, lile lenye nafasi ya mizigo nyuma, ulimi ukateleza, wakacheka tena. "Inatembea?" Nikasema, "Hulioni likitembea. Unaliona likishafika." Hilo niliona limewaingia. Nikachukua fomu yao nikaikunja mfukoni, nikamwacha mteja wangu asinikute.

Sasa, lile Pijo halikuwa langu. Lilikuwa letu. Mimi na Kazungu Charo tulilinunua tukiwa vijana, limeshazeeka tayari, tukabeba abiria na vikapu vya machungwa kutoka Kaloleni hadi mjini. Mimi naendesha na kunadi abiria, yeye anatengeneza. Nilipopata njia ya malori nikamwachia gari, tukapeana mikono, hakuna aliyemdai mwenzake. Yeye akafungua gereji yake Miritini, ya mabati, si mbali na barabara kuu, na Pijo akaliweka kwenye mawe nyuma ya nyumba. Halikuwa limekufa. Kila mwezi aliliwasha, likanguruma robo saa, akalizima. Mkewe alikuwa akisema mumewe ana wake wawili na mmoja anatoa moshi.

Nilimkuta sebuleni, kitanda kimetolewa chumbani kikawekwa karibu na dirisha ili apate upepo na aone wanaopita. Mwaka ule figo zake zilikuwa zimekataa. Mara mbili kwa wiki alipelekwa kusafishwa damu kwa mashine. "Karibu, Karisa," akaniambia. "Mimi sasa ni betri. Natiwa chaji Jumanne na Ijumaa, Jumapili nishaanza kufifia." Mama Kadzo akaniletea dafu, glasi kubwa, nami nikalinywa lote kwa mkupuo na kujifuta mdomo, ndipo nikaona Kazungu ananitazama koo. Yeye maji alipimiwa kikombe kimoja kidogo asubuhi mpaka usiku, na dafu hakuruhusiwa hata kulionja. Alikuwa akimumunya kipande cha barafu. Chakula chake kilipikwa sufuria yake pekee, wali usio chumvi, mbaazi zilizochemshwa na maji yake yakamwagwa na kuchemshwa tena mpaka zimepoteza kila kitu isipokuwa jina. Sisi wengine tulikula samaki wa kupaka hapo hapo mbele yake, kwa sababu mwenyewe alikataa tujifiche. "Kuleni nisikie harufu," alisema. "Harufu daktari hakuikataza."

Nikamweleza habari ya rali, na ya yule kijana wa saa. Kazungu alicheka mpaka akakohoa. "Wewe tangu utajirike hata hasira zako zimekuwa za bei kubwa. Zamani mtu akikutukana ulimtukana. Sasa unamnunulia mashindano." Lakini macho yake yaliwaka, niliyaona. Akasema gari lichukuliwe, ila nisikilize. Linataka gasketi ya kichwa cha injini na kabureta isafishwe. Breki zitazamwe, mipira ibadilishwe. "Mengine yote yaache yalivyo. Umenisikia, Karisa? Usiliguse." Kisha akasema sharti lake. "Kabla hujalipeleka kwa hao watu, unipitie hapa. Unitie kiti cha mbele, unipandishe mlima wa Mazeras, tufike Mariakani, tugeuze. Nataka niisikie ile injini ikipanda. Baada ya hapo lipeleke hata Uarabuni." Nikamwambia hilo ni dogo, angetaka ningempeleka Voi. Akasema Mariakani yatosha.

Hilo ndilo alilolitaka. Mwaka mzima ule sikusikia akiomba kitu kingine kwa mtu yeyote, isipokuwa barafu.

Na injini ile ilikuwa na kisa chake. Enzi za machungwa iliwahi kupasuka ubavuni, pale Mazeras, kwa kukaukiwa maji. Mafundi wote walituambia tuitupe. Kazungu akaiziba kwa shaba, akayeyusha na kupaka polepole siku nzima, mimi namshikia chuma kisitikisike, na ule mshono ukabaki umejikunja kama mkia wa mjusi, wa rangi ya manjano kwenye chuma cheusi. Tangu siku hiyo ilikuwa na mlio wake. Ikifika ile kona ya juu nikiitia gia ya pili, ilikuwa ikiguna kwanza kama mzee anayeamshwa, halafu ndiyo inavuta. Abiria wa Kaloleni waliijua kabla haijatokea. Walikuwa wakinyanyua vikapu kwa kuisikia tu.

Nilipolivuta Pijo mpaka yadi yangu na kulitazama kwenye mwanga, nitasema kweli, lilinitia haya. Bodi ina vipele vya kutu, kiti cha dereva kimetoka sponji, moshi wa buluu. Nikajiona nikiingia nalo kwenye ile hoteli, mbele ya yule kijana. Mtu wa kwetu akialikwa harusini hatokei na shati lililochanika akasema ndilo shati lenyewe alilozaliwa nalo. Anaoga, anapiga pasi, ananukia. Maisha yangu yote nimeyapata kwa kuvua vya zamani na kuvaa vipya. Chumba cha makuti nikahamia cha mabati, cha mabati nikahamia cha tofali, cha tofali nikapandisha ghorofa. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna mahali duniani ambapo kitu kikuukuu kinatakiwa kibaki kikuukuu na watu walipe kukitazama. Gasketi na kabureta? Niliona ni maneno ya mgonjwa aliyezoea kukosa. Nikasema nitamfanyia mwenzangu jambo ambalo hakuthubutu kuliomba.

Nikalipeleka Kisauni kwa mafundi vijana wanaotengeneza magari ya maharusi. Nikawaambia bei si neno, nataka lirudi kama limetoka kiwandani leo. Wakafanya kazi, siwezi kuwalaumu. Rangi nyeupe ya lulu, tabaka juu ya tabaka. Viti vya ngozi. Rimu zinazong'aa mpaka unajiona meno. Redio ya kioo, kipoza hewa. Na injini mpya ya Kijapani, ya kompyuta, inayowaka kwa kubonyeza na ukiwa ndani hujui kama imewaka. Nikamuuliza mkubwa wao ile ya zamani iko wapi. "Tumeitoa kwa skrapu, boss, ilikuwa inachukua nafasi." Nikasema vyema. Hivyo tu, vyema. Nilikuwa nikichagua rangi ya mazulia.

Nilikwenda Miritini Jumamosi, saa nne za asubuhi, nimevaa shati jeupe kufanana na gari. Nikapiga honi, nayo nilikuwa nimeitia ya sauti tatu. Watoto wa mtaa wote wakaja. Mama Kadzo akatoka akapiga vigelegele, akarudi ndani kumwinua mumewe. Akatoka Kazungu ameshikilia mlango, halafu ukuta, halafu bega la mkewe. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani na amechana nywele. Alikuwa amejiandaa, wajua. Nilikuwa nimempigia simu jana yake nikamwambia kesho Mariakani. Akasimama mbele ya gari. Mimi nikaliwasha, nikashuka, nikasubiri asifu. Akasubiri pia. Kisha akauliza, "Mbona huliwashi?"

"Limewaka, mwenzangu! Wewe husikii? Ndio raha yake."

Akaweka kiganja juu ya boneti akakiacha pale. Vijana wa mtaa walikuwa wakipiga picha. Akasema, "Fungua." Nikafungua. Akatazama ndani muda, kama mtu anayesoma, halafu akauliza kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie, "Yangu iko wapi?"

"Ile? Walishaitoa skrapu. Ilikuwa imekwisha, Kazungu. Hii hata mlima haitaujua kama ni mlima."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kazungu alikuwa mtu wa adabu, na mimi nilikuwa mbele ya watu. Akafunga boneti mwenyewe, kwa mikono miwili, akasema, "Limependeza sana. Umelitendea haki." Nikamfungulia mlango wa mbele. Akasema amechoka leo, jua limekuwa kali, tutakwenda siku nyingine. Mama Kadzo akasema, "Lakini Baba Kadzo, si umeamka alfajiri ukaoga..." Akamkata, "Mama, nimechoka." Wakarudi ndani. Nikabaki uani na watoto wananiomba niwapigie honi, nami nikawapigia. Nakumbuka nikijiambia kwamba wagonjwa ndivyo walivyo, hawajui wanachotaka.

Mwezi kabla ya mashindano tukaitwa Nyali kwa ukaguzi. Magari yalikuwa yamepangwa kwenye nyasi za hoteli, na mimi nilipoingia nikafurahi moyoni, maana mengine yote yalikuwa kama langu lilivyokuwa kabla sijaliosha. Rangi zimefubaa, vitasa vimechakaa, moja lina tundu la kutu limezungushiwa duara la chaki kama pambo. Nikajua nimewashinda kabla hatujaondoka. Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa makamo, wa bara, miwani shingoni, ovaroli ya kijivu. Akazunguka gari langu mara moja. Akanyanyua boneti. Akaishusha kabla sijaanza kueleza.

"Mzee, hii gari ni ya mwaka gani?"

"Mama, hilo lilikuwako kabla hujaolewa."

"Bodi, sawa. Na hii injini?"

"Mpya kabisa. Haijamaliza hata mwezi."

"Ndio shida." Alisema kwa upole, kama daktari. "Hapa tunakimbiza gari za zamani. Wewe umeleta gari mpya imevaa koti ya zamani. Siwezi kuiandika."

Nikasema labda kuna namna, maana kwa uzoefu wangu namna haikosi. Akatikisa kichwa. Kule nyuma nikasikia sauti niliyoijua, ya yule kijana wa saa, akimwambia mwenzake, "Jamaa amechukua dhahabu akaipaka rangi ya dhahabu." Sikugeuka. Mkaguzi akanitazama usoni akaona kitu, sijui nini, akasema, "Mzee, ile injini ilitoka ndani, si bado uko nayo? Irudishe. Viti, rangi, hiyo tutaangalia. Rudi na injini yake siku moja kabla tuanze, nitakukagua mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta. Mtu kama mimi anapotafuta kitu hutafuta kweli. Nilirudi Kisauni, wale vijana wakanielekeza kwa mtu wa mkokoteni, wa mkokoteni akanielekeza yadi ya chuma chakavu, yadi ikanielekeza yadi. Niliingia za Changamwe, za Jomvu, za Likoni, nikatembea juu ya milima ya vitanda vya hospitali na baiskeli na matangi ya maji, mimi, na viatu vyangu. Mwenye yadi moja ya Jomvu, mzee wa Kiislamu mwenye ndevu zilizopakwa hina, alinikaribisha kahawa chungu na kashata, akanisikiliza mpaka mwisho, shaba, mkia wa mjusi, vyote. "Mzee wangu," akasema, "wallahi ningekuwa nayo ningekupa bure. Lakini chuma kikifika hapa hakina jina. Cha alumini kinang'olewa kinauzwa mbali. Kizito, akija mtu anataka kitu cha kushindilia au kufungia, namkatia bei anakwenda nacho. Kinachobaki kinapakiwa kinakwenda tanuruni." Nikamuuliza hilo tanuru liko wapi. Akanyoosha kidole. Moshi wake ulikuwa ukionekana pale tulipokaa. Ulikuwa Miritini. Kazungu alikuwa akiuona kutoka dirishani kwake.

Nikanunua injini nyingine. Nilituma mtu Nakuru, akaipata ya aina ile ile, ya miaka ile ile, inaunguruma vizuri. Nikaenda kumwambia Kazungu, maana nilitaka awaelekeze mafundi wangu namna ya kuirudisha. Wakati huo alikuwa hashuki kitandani. Miguu ilikuwa imevimba, Mama Kadzo akiikanda kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka nikavuta kiti.

"Nimepata nyingine kama ile," nikamwambia.

"Kama ile ipi?"

"Kama yetu."

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Karisa. Unakumbuka siku ile ya mapadri na mbuzi?" Nikakumbuka. Tuliwabeba mapadri wawili na mbuzi wao nyuma, na kwenye ile kona ya Mazeras nilipoitia ya pili, injini ikaguna ule mguno wake na mbuzi akaijibu. Mapadri walicheka mpaka tukasimama. Kazungu akajaribu kuuigiza mguno, kwa koo lake lile kavu. Ulitoka mdogo, ukakatika. Mama Kadzo akaacha kukanda. Mimi nikaumalizia. Nilikaa pale, mtu mzima, tajiri wa malori tisa, nikinguruma kama gari ubavuni mwa kitanda, na Kazungu akisikiliza amefumba macho, akisahihisha kwa kidole, shusha, shusha zaidi, sasa vuta. Halafu akasema, "Hiyo ya Nakuru watilie hao watu wa rali. Mimi usiniletee. Nitakuwa nimemkalia mtu nisiyemjua."

Siku mbili baadaye alipelekwa mashine na hakurudi nyumbani. Sitaandika habari ya hospitali. Wanaojua wanajua, na asiyejua Mungu amzuie.

Rali ilianza siku tuliyokaa matanga. Sikulipeleka gari. Injini ya Nakuru ilikuwa ingali ndani ya gunia lake, na mkaguzi yule alinipigia simu kuuliza, nikamwambia nina msiba, akasema pole sana, mzee, akakata. Uani kwa Kazungu palikuwa pamejaa. Wanawake wa kanisa wanaimba, masufuria ya pilau nyuma, wazee wa Kaloleni wamekuja kumchukua maiti kesho yake wakamzike nyumbani, kwa njia ile ile, kupitia mlima ule ule. Mahema yalikuwa ya kukodi, ya buluu na nyeupe, na kwa kuwa ua wa Kazungu ni mwamba mtupu, usioingia vigingi, mwenye mahema alizifunga kamba kwenye vyuma vizito alivyokuja navyo, rimu za malori, vipande vya reli, hivi na hivi.

Ndipo tukayasikia. Barabara kuu iko hapo tu, na magari yalikuwa yakitoka Nyali kupanda bara. Kwanza ving'ora vya pikipiki, kisha moja moja, kila gari na sauti yake, mengine makali kama nyuki, mengine mazito. Nyimbo zikapungua zenyewe. Vijana wakatoka kwenda kutazama. Mzee mmoja wa Kaloleni, aliyewahi kuwa abiria wetu, akainua kidole. "Hilo ni Pijo," akasema. Lilikuwa Pijo kweli, la mtu wa bara, zima, linavuta. Likapita. Mama Kadzo alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na wanawake, leso kichwani, akanitazama mimi moja kwa moja katikati ya watu wote wale. Mimi nikainamisha uso, maana sikuwa na pa kuuweka.

Na pale chini, karibu na kiatu changu, kamba ya hema ilikuwa imezungushwa kwenye chuma cheusi kilicholala ubavu. Kichwa chake kilishang'olewa. Pistoni hazikuwamo, matundu manne matupu, moja limejaa majani makavu na kifuniko cha soda. Na ubavuni, chini ya vumbi, mshono wa manjano umejikunja. Niliinama nikaufuta kwa kidole gumba. Nikaufuata kutoka mwanzo hadi kwenye ncha. Ilikuwa imekaa hapo tangu jana yake, imeshikilia hema la mwenyewe, na watoto wake walikuwa wakiiegemea.

Sikulia. Watu wakadhani nimezidiwa na jua, wakaniletea maji, nami nikashindwa kuyanywa.

Tulipomzika Kaloleni na kurudi, nilimtafuta mwenye mahema. Nilimkuta anapakia, mtu mpole, wa Ziwa la Ng'ombe, anakunja vitambaa. Akaniambia chuma kile alikinunua Jomvu pamoja na vingine, kwa mzee mwenye ndevu za hina. Nikamwambia nakitaka. Akashangaa. "Hiki? Mzee, hiki hakiwaki. Ni cha kushikia kamba tu." Nikasema nakitaka hivyo hivyo. Akakikadiria kwa macho, akakisukuma kwa mguu, akasema itabidi atafute rimu nyingine na simiti ya kuijaza, kwa hiyo nimpe elfu mbili na mia tano. Mimi, ambaye sijawahi kununua hata ndimu bila kushusha bei, nikatia mkono mfukoni. Akaniona uso, akaona haya. "Kwa vile mko na msiba," akasema, "ondoa mia na hamsini."

Nimeiweka ofisini, pembeni mwa meza. Imeoshwa. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha, nimewauliza wote. Haikubaki injini, limebaki ganda. Gari liko nyumbani chini ya turubai, jeupe, linawaka kwa kidole, na sijawahi kulipandisha Mazeras. Kijana wa saa alinipigia mwaka huu, kwa heshima kabisa, shikamoo mzee, akiuliza kama nitaingia. Na watu wangu wa Changamwe, wanaojua napenda kutaja bei za vitu vyangu, bado huniuliza wakitaka nijigambe kidogo, Karisa, ile rali ilikugharimu ngapi? Wanangoja niseme malaki. Nawaambia ukweli, nao wanadhani nafanya mzaha. Shilingi elfu mbili, mia tatu na hamsini.